Valvu Iliyotengenezwa na Miaka Inayofuata

Maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wakazi wa kata kuhusu huduma za afya



Iko sherehe inayofanyika vijijini, nayo ni ya heri. Kijana aliyekuwa hawezi kupanda kilima bila kuhema, aliyekuwa akilala ameketi huku ameegemea mito, hurudi kutoka Dar es Salaam akiwa na kovu refu kifuani na pumzi tele. Majirani hukusanyika, wali hupikwa, mbuzi huchinjwa, na neno linalosikika kutoka kila pembe ya ua ni moja: amepona. Mazungumzo haya yanahusu neno hilo. Si neno la uongo. Ni neno lililosemwa mapema. Upasuaji wa kutengeneza valvu ya moyo inayovuja huchukua saa chache, lakini matokeo yake hupimwa kwa miaka kumi, ishirini na zaidi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo haipiti katika chumba cha upasuaji. Hupita nyumbani, shuleni, shambani na kwenye benchi la zahanati.

Moyo una vyumba vinne na valvu nne. Valvu ni mlango wa njia moja: hufunguka damu ipite, kisha hujifunga ili damu isirudi ilikotoka. Unaozungumziwa hapa zaidi ni mlango wa upande wa kushoto, baina ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba cha chini kinachoisukuma kwenda mwilini. Madaktari huuita valvu ya mitra. Una mabawa mawili membamba na laini, yaliyoshikwa kwa nyuzi zilizofungwa kwenye misuli ya moyo, mithili ya tanga lililoshikwa kwa kamba zake lisipinduliwe na upepo. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kwa kila pigo mlango huo hufunguka na kufungika. Hakuna seremala aliyewahi kuagizwa mlango wa kazi ya namna hiyo.

Mlango huo unapovuja, kila moyo unapobana, sehemu ya damu hurudi juu kuelekea mapafuni. Moyo hufidia upungufu kwa kutanuka ili ubebe damu nyingi zaidi, na kwa muda mrefu hufaulu. Hapo ndipo penye hila ya ugonjwa huu. Mgonjwa aweza kuishi miaka akifanya kazi zake, akidhani uchovu ni wa maisha tu, ilhali moyo unazidi kutanuka na misuli yake inachoka kimyakimya. Kuhema, miguu kuvimba, kikohozi cha usiku na mapigo yanayokwenda ovyo mara nyingi huja baadaye, wakati madhara yameanza kuwa magumu kurekebishwa.

Sasa ni lazima zitenganishwe valvu za aina mbili zinazovuja, kwa sababu mtu akizichanganya atapata matumaini yasiyo yake au hofu isiyo yake. Huko Ulaya na Marekani Kaskazini, mgonjwa wa kawaida wa valvu ya mitra inayovuja ni mtu mzima ambaye nyama ya mlango wake imelegea au uzi wake mmoja umekatika kwa uchakavu. Mlango huo bado ni laini, una nyama ya kutosha, na hakuna ugonjwa mwingine unaoendelea kuutafuna. Afrika Mashariki mgonjwa aghalabu ni mwanafunzi, kijana wa kazi au mama mwenye watoto wadogo, na chanzo chake kilikuwa kooni.

Bakteria aina ya streptokoka humpata mtoto na kumletea mafindofindo. Mwili hujenga kinga ya kupigana nao, na kwa baadhi ya watoto kinga hiyo hukosea shabaha, ikashambulia maungo na moyo wa mwenye mwili. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Jina hili limewaponza wengi, kwa kuwa kila mtu anajua baridi yabisi ya wazee, ile inayokaa magotini msimu wa mvua, na hakuna anayeihofia kwa mtoto. Baridi yabisi ya wazee huanza kwenye maungo na hubaki kwenye maungo. Homa hii hupita magotini kwa siku au wiki chache, goti likavimba leo na kifundo kesho, kisha maumivu yakaisha na familia ikashukuru, kumbe imekwenda kufanya makazi moyoni. Mafindofindo yanaporudi, nayo huweza kurudi, na kila inaporudi huweza kuacha kovu jipya kwenye mabawa ya valvu: huyakaza, huyafupisha, hunenepesha nyuzi zake, mpaka mlango haufungiki sawasawa, au haufunguki sawasawa, au yote mawili.

Kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu, tabibu aliweza kuisikia valvu inayovuja kwa sikio lakini hakuweza kuigusa kwa mkono. Hali ilibadilika baada ya Mei 1953, pale daktari John Gibbon wa Philadelphia alipofanikiwa kumfanyia mgonjwa upasuaji akitumia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, moyo wenyewe ukiwa umepumzishwa. Mwaka 1960 Albert Starr wa jimbo la Oregon, Marekani, akishirikiana na mhandisi Lowell Edwards, aliweka valvu ya bandia mahali pa ile ya mitra, na kwa muda ikaonekana kwamba jawabu ni moja tu: mlango ukiharibika, ung'olewe, uwekwe mwingine. Aliyeipinga fikra hiyo kwa ukaidi wenye manufaa ni daktari Mfaransa, Alain Carpentier, wa Paris. Yeye alishikilia kwamba mlango wa Mungu, hata ukiwa na kiraka, una faida ambazo mlango wa kiwandani hauna. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alibuni pete maalumu ya kushonwa kuzunguka fremu ya valvu iliyotanuka ili kuirudisha katika umbo lake, na miaka iliyofuata akapanga mbinu za kukata sehemu iliyozidi, kupanua bawa lililofupika kwa kiraka na kurekebisha nyuzi. Mwaka 1983 alizieleza mbinu hizo kwa ukamilifu mbele ya wapasuaji wenzake, na tangu hapo kutengeneza kumekuwa chaguo la kwanza pale inapowezekana.

Tanzania haikuachwa nyuma ya historia hiyo, ingawa iliingia kwa kuchelewa. Kwa miaka mingi wagonjwa wa moyo waliohitaji kupasuliwa walipelekwa nje, hususan India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete katika eneo hilohilo. Leo rufaa inayoanzia kwa mganga wa zahanati inaweza kuishia kwenye meza ya upasuaji ndani ya nchi.

Basi valvu iliyotengenezwa hudumu kwa muda gani? Swali hili huulizwa kwa haya, kana kwamba kuuliza ni kutoshukuru. Lina majibu ya kweli, nayo yametoka kwa watu waliofuatiliwa kwa miongo.

Huko Toronto, Kanada, daktari Tirone David na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 840 waliotengenezewa valvu ya mitra iliyoharibika kwa uchakavu, waliopasuliwa kati ya 1985 na 2004. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kwa makadirio ya miaka 20, zaidi ya wagonjwa 90 kwa kila 100 walikuwa hawajalazimika kupasuliwa tena valvu ile. Ni matokeo mazuri mno. Lakini ndani ya karatasi hiyohiyo kuna hesabu ya pili isiyonukuliwa sana: kwa muda huohuo, karibu wagonjwa 30 kwa kila 100 valvu zao zilikuwa zimeanza tena kuvuja kwa kiasi cha wastani au zaidi. Kutorudi hospitali kupasuliwa si sawa na kutovuja. Mlango unaweza kuanza kuachia nafasi ndogo huku mwenyewe akiwa hana habari.

Hao ni wagonjwa wa uchakavu. Wagonjwa wa homa ya baridi yabisi walifuatiliwa na kundi la Carpentier mwenyewe kule Paris. Walikuwa zaidi ya 900, wengi wao vijana, waliopasuliwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1994, na taarifa yao ilitoka mwaka 2001. Baada ya miaka 10, wagonjwa 82 kwa kila 100 walikuwa hawajahitaji upasuaji wa pili. Baada ya miaka 20, walikuwa 55 kwa kila 100.

Tarakimu hizo mbili, 82 na 55, zinastahili kukaliwa kwa muda. Binti aliyepasuliwa akiwa na umri wa miaka 15 atakuwa na miaka 35 zamu ya hesabu ya pili inapofika. Kwa makadirio hayo, yuko karibu na nusu kwa nusu: ama bado anaishi na valvu aliyozaliwa nayo, ikiwa na pete na kiraka, ama amekwisha kurudi mezani. Wala tarakimu hizo zisichukuliwe kuwa ahadi, maana ni kazi ya mikono iliyokuwa miongoni mwa mikono bora duniani kwa ufundi huo. Kwa upande mwingine, kurudi mezani si kufa. Katika kundi hilohilo la Paris, takriban wagonjwa 80 kwa kila 100 walikadiriwa kuwa hai baada ya miaka 20, watu ambao wengi wao, bila upasuaji, wasingefika huko.

Kwa nini ya Toronto hudumu kuliko ya Paris? Si kwa sababu sindano ya mshonaji ilikuwa kali zaidi. Huko Paris sababu kuu ya kurudiwa upasuaji ilikuwa ni kuendelea kwa makovu: ugonjwa wenyewe haukukoma siku kifua kiliposhonwa. Fundi alirekebisha mlango, lakini mchwa walikuwa bado wamo ndani ya mbao. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua valvu ya mwanawe itadumu muda gani asiangalie kovu la kifuani peke yake. Aangalie pia kama mchwa wamezuiwa.

Hapa baadhi ya wazazi husema jambo linaloeleweka kabisa: ikiwa iliyotengenezwa huweza kuharibika tena, si afadhali iwekwe mpya ya chuma, yaishe? Mpya zipo za namna mbili, na hakuna hata moja inayoyamaliza mambo.

Ya kwanza ni ile inayoitwa ya chuma, ingawa sehemu yake kubwa ni kaboni ngumu. Yenyewe huweza kudumu kwa miongo mingi, na katika chumba chenye utulivu mwenyewe husikia mlio wake mdogo kama wa saa ya mkononi. Bei yake ni kwamba damu hupenda kuganda juu yake, na donge likichomoka huenda kwenye ubongo likaleta kiharusi, au huifunga valvu yenyewe ghafla. Kwa hiyo mwenye valvu hiyo hunywa warfarini maisha yake yote, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara kwa kipimo kiitwacho INR. Dawa ikipungua, damu huganda. Ikizidi, mtu huvuja damu. Kwa mwanamke anayetaka kuzaa ugumu ni mkubwa zaidi, kwa kuwa warfarini huweza kumdhuru mtoto katika miezi ya mwanzo ya mimba, na kuiacha humhatarisha mama. Mimba ya namna hiyo huhitaji hospitali kubwa tangu wiki za mwanzo, na wapo wanaofika wakiwa wamechelewa kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Ya pili hutengenezwa kwa tishu ya mnyama, ya nguruwe au ya utando unaofunika moyo wa ng'ombe. (Wanaohitaji kujua ni ya mnyama gani kwa sababu ya imani yao wana haki ya kuuliza kabla ya siku ya upasuaji, na swali hilo si la kuonewa aibu.) Hii haidai warfarini ya maisha, lakini huchakaa, na katika mwili wa kijana huchakaa haraka kuliko katika mwili wa mzee. Aliyewekewa akiwa na umri wa miaka 18 ajue mapema kwamba atarudi.

Yakipimwa hayo, ndipo inapoonekana thamani ya kutengeneza hata kwa valvu iliyoguswa na homa ya baridi yabisi. Mgonjwa ambaye mapigo ya moyo wake yana mpangilio wa kawaida kwa kawaida hahitaji warfarini ya kudumu. Msichana akifuatiliwa vizuri na moyo wake ukiwa na nguvu, aweza kubeba mimba. Kijana anayeishi mbali na maabara haishi akitegemea kipimo cha damu kisichopatikana. Miaka kumi au ishirini ya namna hiyo, ujana ndiyo uliomo ndani yake: shule, ndoa, uzazi, kazi. Hata upasuaji wa pili ukija, huja kwa mtu aliyekwisha kuishi. Lakini si kila valvu inatengenezeka. Iliyokakamaa na kuingiwa na chokaa haina nyama ya kushonea, na mpasuaji mwaminifu ataibadilisha. Familia isione kwamba mgonjwa wao amenyimwa kilicho bora.

Turufu ya kuzuia mchwa ni sindano ya penisilini, ile ya benzathini, inayochomwa kila baada ya wiki tatu au nne. Ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, na labda ndiyo sababu haiheshimiwi kama inavyostahili. Haitibu kovu lililopo. Huzuia mafindofindo mapya yasiamshe homa upya. Kosa linalofanyika mara nyingi kuliko yote ni kuiacha baada ya upasuaji, kwa hoja kwamba moyo umekwisha kutengenezwa. Muda wake hupangwa na daktari: kwa waliopata madhara makubwa ya valvu hufikia miaka 10 tangu homa ya mwisho au umri wa miaka 40, lolote litakalochelewa, na kwa wengine maisha yote. Upasuaji haufuti hesabu hiyo. Mwenye moyo uliodhoofika sana daktari aweza kumchagulia vidonge badala ya sindano, lakini uamuzi huo ni wa daktari, si wa jirani aliyesikia kwamba sindano inauma. Inauma kweli. Mtoto akilalamika asiambiwe kwamba anadeka.

Ushahidi wa nguvu ya sindano hii uko karibu. Kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwachukua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 17 waliogunduliwa kwa kipimo cha eko kuwa na dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa huu moyoni, kabla ya kuugua kwa kuonekana. Nusu walichomwa penisilini kila baada ya wiki nne, nusu hawakuchomwa, wote wakafuatiliwa kwa miaka miwili. Kila upande ulikuwa na watoto wapatao 400 waliofika mwisho wa utafiti. Kwa waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3. Kwa wasiochomwa, uliendelea kwa 33. Watoto hao hawakuwa wamepasuliwa, na haitakuwa haki kudai kwamba hesabu yao ni ya waliopasuliwa. Lakini adui ni yuleyule na mlango ni uleule.

Swali la sindano, basi, ni swali la utumishi wa kata. Dozi moja iliyokosekana kwa sababu dawa haikuwapo siku hiyo huonekana jambo dogo. Mama ametembea, ameambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo ni ya palizi. Mara ya tatu haendi tena. Hakuna aliyefanya ubaya wa makusudi, na valvu iliyoshonwa kwa gharama kubwa huanza kukakamaa kwa kukosa kichupa kimoja. Ndiyo maana jina la kila aliyepasuliwa moyo, na la kila mwenye kadi ya penisilini, linapaswa kuwa kwenye orodha ya zahanati yake pamoja na tarehe ya sindano ijayo, ili dawa iagizwe kwa kuhesabu majina, si kwa kukisia. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaozijua nyumba hizi kwa majina, ndio wanaoweza kugundua ndani ya siku chache kwamba mtu hakuja. Kamati ya usimamizi wa zahanati ina mamlaka ya kuuliza juu ya orodha hiyo, na mkazi yeyote ana haki ya kuiuliza kamati.

Jambo la wakati nalo lisemwe bila kuzungushwa. Valvu iliyotengenezwa vizuri ndani ya moyo uliokwisha kuchoka ni mlango mpya kwenye nyumba iliyopasuka kuta. Miongozo ya kimataifa hupendekeza mwenye uvujaji mkubwa wa valvu ya mitra apasuliwe anapoanza kupata dalili, au hata kabla ya dalili, pale eko inapoonyesha kwamba chumba cha chini kinasukuma asilimia 60 au pungufu ya damu yake, au kimetanuka kupita kiwango kilichowekwa. Asilimia 60 kwa moyo mwingine ni afya. Kwa moyo unaovuja ni onyo, kwa sababu sehemu ya damu hiyo inasukumwa kurudi nyuma, si kwenda mbele. Mgonjwa mwenye rufaa mkononi anayesubiri mavuno ili apate nauli, kisha akasubiri arusi ya dada ipite, anatumia akiba asiyoiona. Familia zinazochanga zichange mapema.

Yaliyobaki ni ya kila siku. Aliyepasuliwa valvu anapaswa kuonwa na daktari wa moyo na kupimwa eko kwa ratiba aliyopewa, ambayo mara nyingi ni mara moja kwa mwaka, hata akijisikia mzima kabisa. Hesabu ya pili ya Toronto ndiyo inayoeleza kwa nini. Mwenye pete au valvu ya bandia, kabla ya kung'oa jino, amwambie mganga wa meno, kwa sababu bakteria wa kinywani huweza kuingia kwenye damu na kuota juu ya valvu, na kwa kazi za namna hiyo hupewa antibiotiki mapema. Kwa hoja hiyohiyo, homa inayoendelea kwa siku kadhaa bila sababu kwa mtu wa namna hii si ya kupelekwa duka la dawa. Vidonge vichache vya antibiotiki huificha bila kuiua, na hospitali inapochukua damu kutafuta bakteria haimpati. Kipimo kitangulie, dawa ifuate.

Wanaotumia warfarini wasiache mchicha, matembele wala kisamvu. Wale kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki, maana mboga za majani zikiongezeka au kupungua ghafla huvuruga kipimo. Wasinywe diklofenaki kwa maumivu ya mgongo bila kuuliza, kwa kuwa pamoja na warfarini huweza kuleta kutokwa damu tumboni. Na wanaosikia kwamba mjini kuna dawa mpya za kuzuia damu isigande, zisizohitaji kipimo, wasibadilishe kwa ushauri wa jirani. Utafiti wa nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2022 kwa wagonjwa wa moyo wa homa ya baridi yabisi wenye mapigo yasiyo na mpangilio ulilinganisha dawa mojawapo ya hizo na dawa za jamii ya warfarini, na waliofariki walikuwa wachache zaidi upande wa warfarini.

Kwa kina dada waliopasuliwa na wanaopanga kuzaa, mazungumzo na daktari wa moyo yaje kabla ya mimba, si mwezi wa saba. Na wanaopanga kutozaa kwa sasa wamweleze mtoa huduma ya uzazi wa mpango juu ya moyo wao, kwa kuwa njia zenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, na zipo nyingine zinazowafaa zaidi. Mume ajue, na mama mkwe ajue, kwa sababu katika nyumba nyingi wao ndio wanaoamua lini safari ya kliniki inafanyika.

Mwalimu wa shule ya msingi anayo nafasi yake pia. Mtoto mwenye mafindofindo ya mara kwa mara, au aliyevimba maungo kwa zamu, apelekwe zahanati hata kama ameanza tena kucheza mpira. Na mtoto aliyerudi na kovu kifuani asikalishwe peke yake chini ya mti wakati wenzake wanakimbia, isipokuwa daktari wake ameandika hivyo.

Wenye kadi za penisilini na wenye barua za hospitali walizorudi nazo baada ya upasuaji wanaombwa kuzifikisha zahanati ya kijiji chao, pamoja na karatasi ya majibu ya eko ya mwisho. Barua isiyokwenda kliniki, ikabaki imekunjwa ndani ya sanduku pamoja na hati ya shamba, haijulikani kwa mhudumu ambaye ndiye atakayempokea mgonjwa huyo saa nane ya usiku.